Inamsubiri Mwenyewe

At-Bashi, 4 Septemba

Mdogo wangu Ermek,

Roho zenu huko ni nzima? Baridi ya Novosibirsk imeshaanza kuonyesha meno? Sisi tuko salama na mifugo iko salama. Nyasi za majira ya baridi tumezikata na kuzipandisha juu ya banda, na mwaka huu ni nyingi. Yule farasi jike wa baba mwenye paji jeupe amezaa tena, ingawa sote tulishamkatia tamaa. Mama macho yake sasa yamekwisha kabisa, hata mwanga wa dirisha hauoni. Lakini mwekee sufu mkononi, atakwambia imetoka kwa kondoo wa nani na alinyolewa na mvivu gani.

Naandika kwa karatasi kwa sababu unajua mwenyewe. Kwenye simu mama hukaa ubavuni mwangu, na macho yalipoondoka masikio yakaongezeka. Kuna jambo sitaki alisikie. Tolgon dereva ataipeleka barua hii hadi Bishkek na kuikabidhi kwa watu wa basi.

Jambo lenyewe ni tovuti. Ermek, ulipotujengea, mwaka ule baba alipofariki, tulikuwa wanawake sita na tuliuza mazulia yetu ya sufu, shirdak mbili kwa mwezi. Sasa tuko thelathini na mmoja. Mwezi uliopita mama mmoja wa Kijerumani mwenye hoteli alitaka shirdak kumi na mbili. Alijaza kila kitu, akabonyeza, ukurasa ukamrudisha mwanzo. Akajaza tena, ukamrudisha. Mara ya tatu akatuandikia kwamba mazulia yetu ni mazuri lakini amechoka. Gulsunai, anayefunga mizigo, alicheka kwa uchungu: "Tovuti ya mdogo wako ni kama punda wa marehemu babu yangu. Akitaka anakwenda, asipotaka hata umwimbie!"

Binti yangu Begimai anasema kuna programu za maduka ya mtandaoni zilizo tayari, unalipia kila mwezi, unaweka picha zako, basi. Kadi za nchi zote zinapokelewa. Hazianguki. Wenzetu wa Naryn wanazitumia.

Sitaki kufanya kitu nyuma ya mgongo wako. Niambie.

Dada yako,
Kalipa


Novosibirsk, 27 Septemba

Eje Kalipa,

Hata kwenye karatasi siwezi kukuita vingine, dada mkubwa ni eje. Nimefurahi kusikia habari za farasi wa baba. Mimi mzima. Kazi nyingi. Hapa tumeshavaa makoti. Mwenzangu wa chumba, Vadim, anapika kabichi kila siku, na mimi nakula huku nikiota mkate wako wa mafuta.

Kuhusu tovuti, jibu langu ni hapana, na usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Nguo ya kuazima haisitiri matako. Programu ya dukani imeshonwa kwa kipimo cha watu wote, maana yake hakuna mtu aliyepimwa. Inajua viatu na vikombe. Je, inajua kwamba shirdak haizaliwi peke yake? Mama anaweka sufu nyekundu juu ya sufu ya kahawia na kuzikata zote mbili kwa kisu kimoja. Pembe nyekundu, mchoro wa pembe za kondoo, zinaingia kwenye uwanja wa kahawia, pembe za kahawia zinaingia kwenye uwanja mwekundu, hakitupwi hata kipande. Wanatoka pacha wawili. Na nyumba yetu tangu kwa bibi ina sheria yake: aliyenunua mmoja huulizwa kwanza kabla pacha wake hajapewa mgeni.

Ndiyo maana niliijenga kwa mkono, mstari kwa mstari. Kila shirdak kwenye tovuti yangu ina mahali palipoandikwa: pacha wake yuko wapi. Kuna watu wawili, mmoja wa Osaka na mmoja wa Lyon, wanaandikiana mpaka leo kwa sababu ya mstari ule. Utaipata dukani hiyo?

Tatizo la kadi nalijua. Nipe wiki mbili.

Msalimie mama. Mwambie shirdak yangu aifunike vizuri, nondo wasiile.

Ermek


At-Bashi, 9 Novemba

Mdogo wangu Ermek,

Salamu kutoka kwenye theluji. Njia ya mlimani ilifungwa siku tano, Tolgon alikwama huko na abiria wake wakala zawadi zote walizokuwa wamebeba. Mama alikohoa kidogo, sasa nafuu. Tumechinja kondoo wa baridi. Gulsunai amepata mjukuu.

Wiki mbili zako zimekuwa sita, Ermek.

Tarehe kumi na tisa ya mwezi uliopita tovuti ilizimika kabisa. Siku nane. Nilikupigia, simu haikupokelewa. Nikakutumia ujumbe, ukajibu "nashughulikia", kisha kimya. Wanawake walikuja kukaa kwangu, walikunywa chai tu na kuangalia mikono yao. Unajua wanawake wa hapa wanavyodai bila kudai. Na zaidi ya nusu yao waume zao wako Urusi kama wewe, na kama wewe hawapokei simu.

Siku ya tisa nilimwambia Begimai, fanya. Alihamisha picha zote na maelezo yote kwa mchana mmoja. Mchana mmoja, Ermek! Jioni tukauza nne. Sasa hakuna siku inayopita bila oda, na Gulsunai amenunua mizani mpya ya mizigo, anaifuta vumbi kuliko anavyomfuta mjukuu pua.

Usinune. Sikukusaliti. Uliijenga nyumba nzuri, lakini fundi yuko mbali na paa linavuja. Ningefanyaje?

Kalipa


Novosibirsk, 2 Desemba

Eje Kalipa,

Nimefurahi kwamba mama ana nafuu. Hongereni kwa mjukuu.

Duka jipya nimeliona. Ni safi, linafunguka haraka. Begimai ana akili.

Nina swali moja dogo. Shirdak yangu, ile mama aliyoikata mwaka nilipoondoka kwenda kusoma, ya uwanja wa kahawia wenye pembe nyekundu. Bado iko juu ya sanduku, juu ya yako?

Ermek


At-Bashi, 20 Desemba

Mdogo wangu Ermek,

Habari za siku nyingi, ingawa si nyingi. Baridi imetushika barabara. Maji ya kisima tunayavunja kwa shoka. Farasi jike tumemwingiza ndani ya banda na mtoto wake. Kiwanda cha kuosha sufu cha Naryn kimepandisha bei, tumerudi kuosha wenyewe kwa maji ya moto, na vidole vyangu vimekuwa kama vya mtu mwingine. Begimai amechumbiwa, au anakaribia, ananificha. Bibi mmoja wa kutoka Kanada ametuandikia barua nzuri sana kuhusu zulia lake jekundu, nikamsomea mama, mama akasema, "Mwambie asilipige kwa fimbo, alipeleke nje alisugulie theluji."

Mama amerudia kukohoa. Daktari amekuja mara mbili. Kila jioni anataka kutandikiwa shirdak zake zote mbili, yangu na yako, bega kwa bega kama zilivyokatwa, akae katikati. Anasema miguu yake inazijua.

Njoo, Ermek. Wewe ni kitindamimba. Nyumba ni ya kitindamimba, na wazazi ni wa kitindamimba, hata mtoto wa jirani anajua. Miaka saba mimi nimeishika nafasi yako, silalamiki. Lakini njoo.

Kuna mambo mengine barua haiwezi kuyabeba.

Kalipa


Novosibirsk, 11 Januari

Eje,

Nilikuuliza jambo moja.

Ermek


At-Bashi, 3 Februari

Ermek, mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali, kwa sababu nikianza na salamu nitajificha humo tena.

Shirdak yako imeuzwa.

Nakueleza ilivyokuwa, si kujitetea. Kwenye tovuti yako kila shirdak ilikuwa na neno moja kati ya matatu: "ipo", "imekwenda", au "inamsubiri mwenyewe". Neno la tatu uliliweka wewe, na lilikuwa kwa shirdak moja tu duniani. Programu ya dukani ina maneno mawili. Ipo, au imekwisha. Begimai alipohamisha, neno la tatu likakosa pa kukaa, na programu yenyewe ikaliweka upande wa "ipo". Hakuna aliyelitazama. Tulikuwa na shirdak mia mbili na kumi kwenye orodha.

Ilinunuliwa tarehe kumi na nane Novemba. Mimi nilikuwa Naryn na mama hospitalini kupimwa kifua. Siku hiyo Gulsunai alifunga mizigo kumi na minne. Orodha ilisema kahawia, pembe nyekundu, akaitafuta ghalani hakuiona, akaingia ndani akaikuta juu ya sanduku. Aliikunja, akaifunga, akaandika anwani. Aliniambia baadaye, akilia, "Kalipa, nilisema moyoni hii nzuri mno kuuzwa, lakini mashine inasema ipo." Hakuna aliyekosa. Ndilo linalonitesa, sina wa kumpigia kelele.

Begimai hali vizuri tangu siku hiyo. Nimemkataza kukuandikia. Nilidhani nitairudisha kabla hujajua.

Na mama namdanganya. Kila jioni natandika yangu, na pembeni natandika nyingine inayofanana, ya kikundi cha kina Gulsunai, kahawia na nyekundu. Anakaa katikati, anapapasa, anasema asante binti yangu. Mimi natoka nje kulia bandani.

Mnunuzi nimemwandikia mara tatu. Nimemwambia nitampa mbili, tatu, achague. Alijibu mara moja tu: haiuzwi. Anaitwa Vadim Lapin na anakaa mji wako, Ermek! Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Nenda. Mpigie magoti. Mwambie kuna kipofu anaisubiri. Mama hamalizi majira ya machipuko, daktari kaniambia uso kwa uso.

Nisamehe. Ulisema nguo ya kuazima haisitiri. Ulisema kweli.

Kalipa


Novosibirsk, 24 Februari

Eje yangu,

Anwani uliyoiandika nyuma ya barua ni ya kwangu. Nimehama tangu kiangazi na sikukwambia, barua zako nazichukua kwa fundi viatu wa anwani ya zamani. Vadim Lapin ni yule mpika kabichi. Shirdak iko chini ya godoro langu. Mnunuzi ni mimi.

Siku ile nilifungua duka lenu jipya ili nitafute kasoro. Nakiri hivyo. Nilitaka nione linaanguka nikuandikie "si nilisema?" Nikaiona picha yake. Chini yake kitufe cha kununua. Eje, nilihisi mmenitoa nyumbani. Nilidhani mmekaa, mkahesabu miaka yangu, mkasema huyu haji tena, tuiuze nafasi yake kwa mgeni. Nikanunua kwa jina la Vadim. Kisha nikakuuliza kwa upole wa uongo, nikasubiri uniambie. Ulipoandika kurasa mbili za habari za kisima na farasi bila kunijibu, nikasema kumbe kweli. Zile barua tatu ulizomwandikia Vadim nilizisoma mimi, na "haiuzwi" niliandika mimi. Nilikuona unalia na nikakuacha ulie. Sijui utanisameheje hilo.

Na mimi nina langu la kusema, maana tumefika hapo. Kazi ya programu walinitoa tangu mwezi wa tano. Napakia maboksi ghalani. Wiki zile sita sikuwa na shughuli nyingi, nilikuwa nalala nimechoka, na kila nikifungua msimbo wa tovuti yetu nilikuwa siuelewi. Niliandika mwenyewe, na siuelewi! Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne aliyekuwa na hasira. Niliuandika ndani ya siku arobaini za baba, baba ambaye sikuwahi maziko yake, sikusimama nje ya hema na fimbo nikimlilia kama mtoto wa kiume anavyomlilia baba yake. Sikuweza kurudi na uso ule. Nikajenga tovuti. Kila aliyeniuliza, wewe kitindamimba uko wapi, nilimwonyesha ile. Ndiyo maana niliposikia mnataka ya dukani, nilipigana. Kadi za Wajerumani hazikuwa shida yangu. Nilikuwa nalinda mlango wangu wa kurudia nyumbani.

Begimai ale chakula chake. Hana kosa. Mimi ndiye niliyejenga kitu ambacho mtu mwingine hawezi kukishika, nikaondoka nacho kichwani. Yeye alitafuta kitu ambacho hata Gulsunai anaweza kukiendesha. Kati yetu wawili fundi ni yeye.

Nimekata tiketi ya basi. Nitafika kabla ya sikukuu ya Nooruz mwezi wa tatu, njia ya mlimani ikiruhusu. Usimwambie mama, nataka nimtandikie mwenyewe.

Ermek


At-Bashi, 29 Mei

Eje Kalipa,

Bishkek imekupokeaje? Maonyesho ya mazulia yana watu? Unakula? Usije ukakaa siku kumi na nne kwa chai na mkate kama kawaida yako. Sisi huku tuko salama na mifugo iko salama. Mtoto wa farasi jike ameanza kumtoroka mama yake, na Gulsunai anasema amenirithi mimi. Nyasi zinaota. Kaburi la mama nimelizungushia uzio, upande wa baba, kama ulivyotaka.

Nakuandikia kwa karatasi ingawa simu ipo, kwa sababu kuna jambo sikukwambia kwa mdomo. Kila nilipojaribu niliishia kuzungumzia mifugo.

Siku ile niliyofika, wewe ulipotoka nje kuwafukuza mbwa wasimle Tolgon, nilibaki na mama peke yetu. Nilikuwa nimeitandika. Aliweka kiganja, akapapasa pembe moja, ya pili, akafika kwenye ule mshono uliopinda, aliokuwa akisema aliushona siku nilipoumwa surua. Kisha akasema, "Imelala mahali pa baridi hii."

Nikasema, "Mama, unaijua?"

"Mtoto wee! Mimi ni kipofu, si mjinga. Tangu majira ya baridi Kalipa ananitandikia ya kina Gulsunai, imeshonwa kama wanafukuzwa. Nikaipapasa, nikasema asante."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Ningemwambia angelala lini? Nikasema anyamaze na mimi ninyamaze. Mwizi akiwa wa nyumbani, huirudisha kwa miguu yake." Halafu akanishika uso, kote, mpaka nyuma ya masikio, akasema, "Umekonda, mwizi wangu."

Kwa hiyo alijua, eje. Jioni zote zile alikuwa anakubeba wewe, na wewe ulidhani unambeba yeye. Usilie bandani tena kwa ajili ya hilo.

Na siku tatu zile za maziko ya mama nilisimama nje ya hema na fimbo. Wazee walikuja na mimi nikalia kwa sauti, kama inavyopasa. Nililia kwa ajili ya wawili. Nadhani watu walijua.

Sasa ya kazi. Tumekaa mimi na Begimai tukaafikiana. Duka libaki lile la kununua. Kadi, mizigo, oda, vitu vinavyofanana na vya watu wote, tuwaachie wanaovijua, mimi sivigusi tena. Lakini pembeni nimejenga kitu kimoja kidogo cha kwetu, daftari la pacha. Kurasa chache tu, na kila mstari nimeandika maelezo yake kwa Kikirigizi, Begimai akayasoma yote mbele yangu, na pale asipoelewa nilifuta nikaanza upya. Kazi yake ni moja: kila shirdak, pacha wake yuko wapi. Na shirdak isiyouzwa haiingii dukani kabisa. Nikifa kesho, au nikikimbia tena, Begimai ataliendesha.

Jana tulikuwa tunahamisha maelezo ya zamani. Tulipofika kwenye ile yangu Begimai akaacha kuandika. Lile neno la tatu lilikuwa pale bado, nililoliandika miaka saba iliyopita ndani ya chumba cha watu huko Urusi. Akaniuliza, "Mjomba, hapa niweke nini?"

Nikavuta kiti, nikafuta mwenyewe. Nikaandika: "Mwenyewe amefika."

Rudi salama. Jioni nazitandika zote mbili.

Mdogo wako,
Ermek